Kikanisa Alichojenga Kaka, Ripoti Niliyoandika Mimi

Mhashamu Baba Askofu, uliyeacha shughuli zako nyingi ukakubali kuketi nasi katikati ya barabara, Mheshimiwa Diwani, uliyetufungia njia hii kwa nusu siku bila kutuzungusha, Baba Paroko na mapadre wenzako, Masista wetu, wahandisi wenzangu wa idara ya ujenzi ya jiji, mlio kazini na mliostaafu kama mimi, Fundi Mkuu na mafundi wako, mliochagua mstari wa nyuma ilhali leo mngepaswa kukaa huku mbele, Mwalimu wa kwaya na wanakwaya, majirani zetu wa kiwanda cha uchapaji upande huu na wa ghala la vitambaa upande ule, shemeji yangu mpendwa, ndugu waamini na wageni wote, mlioalikwa na mliojialika: Tumsifu Yesu Kristo.

Nimepewa dakika kumi na tano nieleze historia na ujenzi wa kikanisa hiki tunachokifungua upya leo. Mshereheshaji amenivuta pembeni akaniambia, "Mzee wangu, nakuomba sana, isiwe hotuba ya kihandisi, watu wako juani." Nimemwahidi. Nitalieleza jengo kwa maneno ya kawaida. Ila nisimdanganye yeye wala nisiwadanganye ninyi: mkiniona nazunguka kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe, msidhani nimelisahau. Naliogopa.

Tazameni upana wa mbele. Ni hatua nane za mtu mzima asiye na haraka. Urefu wake ni hatua ishirini na mbili. Zamani hapa palikuwa uchochoro wa kuegesha mikokoteni ya ghala, na chini ya uchochoro ulipita mtaro wa maji ya mvua ambao jiji lilikuwa limeufukia juu juu tu. Nani mwenye akili zake angejenga kanisa mahali kama hapa? Lakini kanisa kuu liko upande wa pili wa mji, na wapiga chapa, wapakiaji mizigo, makarani na dada wa kazi wa mitaa hii walikuwa na saa moja tu ya mapumziko ya mchana. Ukienda kanisa kuu kwa miguu, unafika wakati wa kurudi. Basi padre mmoja, ambaye wazee mliopo mtamkumbuka kwa jina la Padre Baiskeli, akawa anakuja kuwasomea Misa ndani ya ghala, altare ikiwa ni majora ya vitambaa yaliyopangwa vizuri na kutandikwa shuka nyeupe.

Mwenye ghala hakuwa hata Mkristo. Alivumilia mwaka wa kwanza, akavumilia wa pili, wa tatu akasema, "Padre, nimechoka kuhamisha majora yangu kila Ijumaa. Chukua uchochoro. Jenga chochote unachotaka, mradi usinizibie mlango." Hivyo ndivyo kikanisa hiki kilivyopata kiwanja. Hakuna aliyeota ndoto wala kusikia sauti. Ni mtu aliyechoka kubeba vitambaa.

Wa kumlipa mkandarasi hakuwepo. Padre Baiskeli akauliza siku moja baada ya Misa kama kuna mwashi yeyote kati ya waamini, na akasimama kijana wa miaka ishirini na sita, mikono imejaa chokaa hata siku hiyo ya ibada. Kijana huyo alikuwa kaka yangu, wa baba mmoja na mama mmoja. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufariki. Mimi nilikuwa shule ya bweni, na ada yangu, sare yangu, godoro langu, hata sabuni yangu ya kufulia, vyote vilitoka kwenye mwiko wake. Mtaani walimwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno alilomjibu kila aliyemharakisha.

Sasa naomba muone alichokifanya mtu ambaye hakuwahi kukaa darasani zaidi ya miaka saba. Kulia kwake kuna ukuta wa kiwanda, kushoto kuna ukuta wa ghala. Madirisha angeyaweka wapi? Akaliinua paa la katikati juu ya mapaa ya pembeni, akaacha nafasi ya mkono mmoja na nusu kila upande, mwanga ukawa unashuka kutoka juu. Misa ilikuwa ya saa sita mchana. Basi alikuja hapa siku nyingi mchana, akasimama na kijiti peke yake kwenye uchochoro, akatia alama jua linapoangukia, na hapo ndipo altare ilipowekwa. Akajenga matao matatu ya matofali yabebe lile paa la juu. Tao la kwanza, la karibu na mlango, limeinama vidole viwili, na yeyote aliyemuuliza alimjibu akicheka, "Hilo ndilo nililojifunzia. Nimelibomoa mara mbili, mara ya tatu Padre akaniambia Mungu ameshaliona, inatosha." Sakafu aliishusha kidogo kidogo kuelekea altare, tofauti ya shubiri moja, ili mpakiaji mizigo anayefika amechelewa na kukaa nyuma amwone padre bila kunyoosha shingo.

Na ule mtaro? Hakuufukia. Alisema maji yaliyoko chini hayataondoka kwa sababu sisi tumeyafunika; yatapanda ukutani. Akayaachia mfereji chini ya sakafu, na katika kila ukuta, karibu kabisa na sakafu, akaacha matundu saba, kila moja kama nusu tofali, ili hewa ipite na ukuta ukauke. Ndani akapiga lipu ya chokaa tupu, bila saruji. Matundu yale kumi na manne aliyapanga moja chini ya kila kituo cha Njia ya Msalaba, yasionekane yametawanyika ovyo. Waamini waliyabatiza milango ya panya, na Padre Baiskeli mwenyewe alisema ni kanisa pekee analolijua ambalo panya hawaingilii mlango mkuu.

Nilipokuja likizo mwaka ule kilipokamilika, kaka alinileta hapa kabla hata sijaweka sanduku langu chini. Akaushika mkono wangu, akaubandika ukutani. "Unasikia, mdogo wangu? Baridi, lakini kavu." Nikasema nasikia. Sikuwa nasikia chochote. Nilikuwa na njaa.

Ndugu zangu, nilisoma. Nilisoma hadi nikawa mhandisi, na kila ngazi niliyopanda ilishikiliwa na mtu huyo na mke wake, huyu shemeji yangu mnayemwona, aliyeniandalia kitanda sebuleni kwao kila likizo kwa miaka tisa na asiseme siku hata moja kwamba nyumba ni ndogo. Niliajiriwa na jiji. Nikapata ofisi yenye feni mbili na mhuri wenye jina langu. Na kikanisa kilipokaribia kutimiza miaka ishirini na mitano, waamini wakanichagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya ukarabati. Nani mwingine wangemchagua?

Niliingia humu ndani na daftari langu, na nawaambieni nilichokiona. Nilitazama matofali nikaona umaskini wetu wa zamani. Nilitazama nafasi za juu nikaona vumbi na njiwa. Nilitazama milango ya panya nikaona aibu. Nikachora mpango: kuta zipigwe lipu ya saruji na rangi ya mafuta inayong'aa, sakafu iwekwe vigae, matundu yazibwe, chini ya paa iwekwe dari ya mbao nyembamba yenye taa za umeme. Kwenye karatasi ilipendeza sana.

Kamati ilikutana sakristia, watu tisa tumebanana kati ya kabati la kanzu na meza ya hosti. Mtu mmoja akasema si vibaya aliyejenga aitwe atoe maoni. Kaka akaja. Alikuwa ameoga, amevaa viatu vyake vya harusi. Hakukaa, kwa sababu hapakuwa na kiti, na hakuna aliyesimama kumpisha, nami sikusimama. Aliiangalia michoro yangu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mdogo wangu, dari weka ukitaka, ingawa utatutia giza. Lakini ukuta ule usiupake saruji, na matundu yale usiyaguse. Maji yapo chini. Ukiziba, yatapanda ndani ya ukuta, na hayatakuwa na pa kutokea."

Nikamjibu mbele ya watu: "Kaka, hayo ni mambo ya enzi za mikokoteni. Mimi nimeyasomea miaka mitano. Au unataka tuendelee kufuga panya?"

Watu wakacheka. Nikacheka nao. Kaka akafuta viganja vyake kwenye suruali, ingawa vilikuwa safi, akasema, "Sawa, Mhandisi."

Tangu nizaliwe hakuwahi kuniita hivyo. Na tangu siku ile hakuniita vinginevyo.

Wengine mnaikumbuka siku ya Jubilei. Kikanisa kiling'aa kama sahani. Picha zilipigwa, nilipewa saa ya ukutani, Askofu wa wakati huo alinishika mkono mara mbili. Kaka alihudhuria Misa akiwa amesimama hapa barabarani, karibu na mlango. Nikadhani ni hasira tu, zitapita. Lakini Ijumaa iliyofuata alisimama palepale, na iliyofuata, na mwaka mzima. Siku moja nikamfuata nikamwuliza, "Kaka, mbona huingii?" Akasema, "Ndani kuna harufu ya unyevu." Nikamwambia ni rangi mpya. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemkubalia mtoto.

Ikapita miaka tisa. Kwanza rangi ilivimba chini chini, tukaipaka tena. Kisha ikatoka ukungu mweusi nyuma ya viti, tukausugua. Kisha Ijumaa moja, watu wakiwa kwenye foleni ya komunyo na kwaya ikiimba, kipande cha lipu kikubwa kama mlango wa kabati kilibanduka ukutani kikamwangukia Mwalimu wa kwaya begani. Mwalimu, upo hapa. Mpaka leo unaongoza kwaya kwa mkono mmoja. Na mimi kila Jumapili parokiani unapoinua mkono huo mmoja, huwa nainamisha kichwa nikijifanya natafuta ukurasa wa kitabu. Mtu hatafuti ukurasa kwa miaka kumi na tatu, Mwalimu. Ulijua, nadhani.

Kikanisa kikafungwa, na jiji likataka ripoti. Mkaguzi aliyepangiwa kazi hiyo nilikuwa mimi. Ningeweza kusema jengo hili linanihusu, apangiwe mwingine. Sikusema. Kesho yake asubuhi nilikuja peke yangu na nyundo na patasi, nikabandua saruji yangu sehemu sita. Kila sehemu nilikuta jambo moja. Nyuma ya saruji, lipu ya chokaa ya kaka yangu ilikuwa imelowa kama sifongo. Lakini nilipoikwangua nikafika kwenye tofali lenyewe, nikaligonga, lilitoa sauti safi, ya tofali zima. Matao niliyapima, yote matatu. Hayakuwa yamesogea hata unywele, na lile la kwanza lilikuwa limeinama vidole vyake viwili vilevile.

Kwa hiyo nilijua. Nataka neno hilo lisikike vizuri, maana wapo watu wema ambao kwa miaka hii wamenitetea wakisema mhandisi naye ni binadamu, alikosea hesabu. Sikukosea hesabu. Nilijua nikiwa nimesimama humo ndani na patasi mkononi. Nikarudi ofisini, nikaagiza chai, nikaandika maneno haya: "Chanzo cha uharibifu ni udhaifu wa ujenzi wa awali, uliofanywa na mafundi wasio na mafunzo." Nikapiga mhuri.

Kwa nini? Sisemi kwa kujitetea. Mwezi ule jina langu lilikuwa limepelekwa juu ili niwe mkuu wa idara. Ndiyo sababu yote. Ningependa kuwaambia kuna sababu kubwa zaidi ya hiyo, nimeitafuta miaka mingi, haipo. Na ukuu wa idara niliupata.

Nakala ya ripoti ilibandikwa kwenye geti, hapo alipokaa yule kijana mwenye kamera. Nilikuwa ndani nikipima mahali pa kuweka nguzo za kuegemeza ukuta, nikamwona kaka amekuja na shemeji. Alivaa miwani yake ya kusomea, akaifuata ile karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari, hadi chini penye mhuri. Nikatoka. Nilidhani atanitukana, na nadhani nilitamani anitukane. Akakunja miwani akaiweka mfukoni.

"Umeandika vizuri, Mhandisi," akasema. "Hakuna herufi iliyokosewa."

Shemeji akanitazama. Wakaondoka, na shemeji alikuwa amemshika kiwiko kama vile barabara ina utelezi.

Mnajua karatasi yenye mhuri wa jiji inaweza kumfanya nini fundi? Mwenye nyumba aliyekuwa amempa kazi ya ghorofa mbili alimwondoa wiki hiyohiyo. Shule iliyokuwa ikimwita kila likizo ikaacha kumwita. Mtu aliyejenga miaka thelathini na nne hakuwa tena na kazi ila kuziba nyufa za vyoo na kurudishia vizingiti. Hakulalamika kwangu. Tulikutana kwenye harusi, tulikutana kwenye misiba, alinisalimia, aliniuliza watoto wanaendeleaje, na aliniita Mhandisi.

Hata hivyo katika miaka hiyo alifanya kazi moja ambayo mimi sikuijua. Kuna binti alikuwa akizunguka kwa mafundi akitaka kujifunza uashi, na mafundi walimfukuza, wengine kwa matusi. Akafika kwa Taratibu. Taratibu wakati huo hakuwa na cha kumfundishia isipokuwa vyoo na vizingiti. Akamwambia, "Kazi kubwa sina. Ila tofali ni lilelile." Akamfundisha kuchoma chokaa, kuiloweka, kuilaza wiki kadhaa kabla ya kuigusa. Akamfundisha kujenga tao kwa kujenga tao dogo uani kwa shemeji, kulibomoa na kulijenga tena, hadi shemeji akauliza nguo zake atazianika wapi.

Miaka minne iliyopita kaka aliugua kifua. Nilikwenda kumwona Jumamosi moja alasiri. Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote. Nilikuta amekalishwa kitandani, mito miwili mgongoni. Nikakaa. Nikasema, "Kaka." Akasema, "Naam, Mhandisi." Na hapo maneno yangu yakapotea. Nikamwambia paa la nyumba yangu linavuja. Akapata uhai! Aliuliza linavuja upande gani, mvua ikipiga kutoka wapi, misumari ni ya aina gani. Alinieleza nusu saa nzima jinsi ya kulitengeneza, akipumzika katikati ya sentensi kutafuta pumzi. Nikiaga akasema, "Usipande mwenyewe. Umri umekwenda. Taratibu." Nikasema nitarudi Jumamosi ijayo tuzungumze vizuri. Jumanne shemeji alinipigia simu.

Nilikuwa na miaka tisa ya kuzungumza naye, na nilitumia nusu saa ya mwisho kumwuliza habari za mabati.

Baba Paroko alipofika parokiani, alikuta kiwanja hiki kiko karibu kuuzwa kiwe maegesho ya magari. Hati za mauzo ziliambatanishwa na ripoti yangu. Akasema kabla hajasaini anataka fundi akitazame kikanisa, na fundi aliyeletwa ni yule binti, Fundi Mkuu wetu wa leo, ambaye sasa ni mama mwenye kampuni na mafundi kumi na wawili. Alikaa humu siku tatu. Siku ya nne alikuja nyumbani kwangu, nikiwa nimeshastaafu, akaketi ukingoni mwa kiti na kofia yake ya kazi magotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, ripoti inasema kuta ni dhaifu. Nimezigonga zote, ni nzima. Aliyeandika alizigonga?"

Ningeweza kusema ni mambo ya zamani, sikumbuki. Nilikuwa nimesema hivyo kwa wengine. Nikamwambia, "Niliandika mimi. Na nilizigonga."

Akauliza, "Na yeye alijua kwamba ulizigonga?"

"Alijua. Sehemu sita nilizobandua zilionekana tokea getini."

Akavaa kofia yake. Mlangoni akageuka akasema, "Miaka yote niliyokaa naye, mzee, sikuwahi kumsikia akikutaja kwa ubaya. Nilidhani hamkuwa na tatizo." Akaenda zake. Na kwa miaka miwili tangu siku ile amebandua saruji yangu yote kwa mkono, ameitoa dari yangu, ameking'oa kila kigae nilichokichagua, ameyazibua matundu kumi na manne, amepiga chokaa upya. Mafundi wake waliniambia hakuna tofali hata moja la ukuta lililohitaji kubadilishwa. Hata moja, Mhashamu.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa shemeji. Nilimkuta anakunja nguo. Nilimweleza yote niliyowaeleza ninyi, nikamsomea barua nitakayoitaja sasa hivi. Alinisikiliza bila kuacha kukunja. Nilipomaliza alisema, "Shemeji, maneno ni mazuri. Ungemwambia yeye, yangemfaa."

Nikasema najua.

Akasema, "Hujui. Padre Baiskeli, kabla hajafa, alimwandikia mume wangu akimtaka aombe ukaguzi mwingine. Alimwambia atamsaidia, kesi ataishinda mchana kweupe. Barua ilikaa juu ya meza wiki nzima. Mimi nikamwambia, nenda, jisafishe jina lako. Akaniambia, 'Nikienda, mdogo wangu atafukuzwa kazi. Ana watoto wanasoma.' Akaichana. Sikuwahi kukuambia kwa sababu alinikataza. Sasa ameshaondoka, na mimi nimechoka kubeba siri za wanaume wawili."

Ndugu wageni, ndugu waamini. Alinisomesha mara ya kwanza nikiwa yatima, na akawasomesha watoto wangu kwa kukaa kimya, huku mimi nikijiona mtu mkubwa. Mtaniambia nini kitakachokuwa kipya kwangu? Yote nimeshajiambia.

Ratiba inasema baada ya hotuba hii nikate utepe. Naomba radhi kwa walioipanga, sitaukata. Nilimwomba shemeji aukate, akakataa; amesema yeye amekuja kusali, si kupigwa picha. Basi ataukata Fundi Mkuu, na ninaomba apigiwe makofi hadi majirani wa kiwanda wazime mashine wasikilize.

Barua yenyewe ni hii, nimeandika nakala tatu. Moja ni ya Mhashamu, moja ni ya idara yangu ya zamani, nayo imepokelewa jana na kugongwa mhuri, moja itabandikwa getini na kukaa hapo hadi jua liifute. Ni fupi. Inasema: "Mimi, niliyeandika na kusaini ripoti juu ya kikanisa hiki, natamka kwamba ripoti ile haikuwa kweli, na nilijua hivyo nilipoiandika. Kuta zilikuwa nzima. Matao yalikuwa mazima. Fundi aliyeyajenga aliijua kazi yake, na alinionya. Uharibifu ulitokana na ukarabati nilioubuni mimi kinyume na onyo lake. Mwalimu wa kwaya aliumia kwa kosa langu, si la fundi." Chini nimeweka jina langu. Mhuri sina tena.

Kwa wahandisi vijana mliokaa huku kushoto, nilitaka niwaachie ushauri wa kitaaluma, nikaona sistahili. Mtaona wenyewe mkiingia ndani.

Nakushukuru, Mhashamu, kwa kuniruhusu niseme haya mbele ya watu badala ya kuyamalizia kwenye kitubio peke yake. Namshukuru Baba Paroko kwa kutosaini. Nakushukuru, Fundi Mkuu, wewe na mafundi wako, kwa uvumilivu wa miaka miwili na kwa kunipokea kila nilipokuja kuchungulia. Nakuomba radhi, Mwalimu, mbele ya kwaya yako. Shemeji, asante kwa kuja. Najua haikuwa rahisi, na sikuombi zaidi ya hapo.

Nawashukuru ninyi nyote kwa kunisikiliza juani bila hata mmoja kuinuka. Alikuwepo mtu mmoja aliyestahili kuyasikia haya kabla yenu. Nilikaa kando ya kitanda chake nusu saa, na sikumwambia.